Chumvi ya Malkia Rajmati

Sogeeni, na anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Huko Bara Hindi alikuwapo malkia mjane, Rajmati. Ngome yake ilikuwa na lango lenye jini ndani yake, nalo lilimfungulia yule tu aliyekula chumvi ya mwenye nyumba.

Waingereza wakaja kuitwaa nchi yake. Wakalipiga lango mizinga, likacheka. Wakalipiga magogo, likacheka. Mara ya tatu wakaweka silaha chini, wakaketi nje na kulia njaa.

"Bibi, kumbuka sharti la lango," akasema Kesari, yaya aliyemlea.

"Mgeni hashindi na njaa mlangoni kwangu," malkia akajibu. "Na aliyekula chumvi yangu ni ndugu, hawezi kunidhuru."

Ndivyo walivyoamini kwao, masikini. Akawateremshia wali na dengu kwa kamba. Wakala, wakafuta midomo, wakachukua bunduki zao. Lango likafunguka.

"Umenisaliti!" malkia akalia.

"Wamekula chumvi yako, Bibi. Sijui zaidi ya hapo," lango likajibu.

Malkia alipigana hadi upanga ukavunjika, akakimbilia msituni. Akazeeka huko. Siku moja akarudi, akapiga hodi.

Lango likatoa machozi. "Bibi yangu, siku hizi mwenye nyumba ni Mwingereza. Kula chumvi yake, nikufungulie."

Askari wa zamu akamhurumia, akamnyooshea kipande cha mkate. Malkia alikitazama sana. Kisha akausukuma ule mkono, taratibu.

Nami namwacha hapo, jamani, ameshinda na njaa mlangoni kwake mwenyewe.