Fuwele ya Mwisho ya Bi Nambua

Watega vitendawili huomba mji. Mimi leo sitaki mji, nataka hukumu. Basi sogeeni, tegeni masikio, na mwenye chai yake aendelee kunywa.

Katika chuo kimoja cha nyanda za juu, mahali ambapo watu hawavui sweta hadi adhuhuri, walikuwepo watu watatu wa maabara moja. Bi Nambua alijaliwa subira. Alikuwa akipika fuwele, yaani vijiwe vinavyokuzwa polepole ndani ya tanuri, na zake zilikuwa safi mno. Fundi Mgonja alijaliwa mikono, chuma kilimtii. Sekela, mdogo wao, alijaliwa utulivu. Hata ungempigia ngoma sikioni, kidole chake hakitikisiki.

Walichokitafuta ni hiki. Yapo mawe ambayo ukiyapoza sana, umeme hupita ndani yake bila kupotea hata kidogo, kwa sababu chembe zake hushikana mikono na kutembea mbili mbili. Sasa, yako mengine ya ukoo wa kipekee. Chembe zake hushikana kwa namna ambayo wataalamu wanabishana mpaka leo, na uchafu kidogo tu huziachanisha. Ukilibana jiwe la namna hiyo upande mmoja, huenda likaamka, yaani likaanza kupitisha umeme hivyo, mapema, kabla baridi haijawa kali sana. Huenda pia likavunjika, na kazi ikaishia hapo.

Mengi yalivunjika. Likabaki moja, na Bi Nambua alikuwa anastaafu mwezi ule. Mwaka mzima alikuwa amelilea, analala na kuamka na joto la tanuri kama mama mwenye mtoto mchanga. Tanuri lenyewe lilipasuka siku alipolitoa jiwe hilo. Hakutakuwa na jingine.

Fundi Mgonja naye alikuwa amechonga jiliwa dogo kama kiberiti, la kubana jiwe upande mmoja tu bila kulipinda. Lile la mwanzo lilikwenda upande. La pili likaganda kwenye baridi, likakataa kabisa kuzunguka. Alichonga tena huku akipiga mluzi, na safari hii likakubali.

Kazi ya Sekela ilikuwa kuzungusha skrubu ya jiliwa lile kwa fimbo ndefu, maana jiwe lenyewe lilikuwa chini kabisa ndani ya chombo cha baridi. Bi Nambua alichukua rangi yake ya kucha, akaweka alama nyekundu juu ya fimbo.

"Mwisho hapa, mwanangu. Ukivuka hapa umenizika mimi na jiwe langu."

Sekela akakaza taratibu, taratibu, hadi alama. Mita ya kupima ukinzani wa umeme ndani ya jiwe haikusogea. Akangoja. Wapi! Machozi yakamlengalenga, akaanza kuiachia fimbo. Fundi Mgonja, aliyekuwa anaingia na chupa ya chai, akamwona uso ulivyomshuka.

"Kaza, mwanangu!"

Sekela alifunzwa kazi na Mgonja mwenyewe. Fundi akisema legeza, unalegeza. Akisema kaza, huulizi. Mkono ukazungusha kabla kichwa hakijafikiri, nusu mzunguko kupita alama.

"Sekela!" Bi Nambua akapiga ukelele.

 Sekela aliona mwaka mzima wa mama wa watu umeishia mkononi mwake. Kisha mshale wa mita ukashuka, ukalala kwenye sifuri. Jiwe limeamka! Tena limeamka mapema, kwenye baridi ambayo siku zote lilikuwa bado limelala fofofo.

"Kwani ulinisikiaje?" Mgonja akauliza, chupa bado mkononi.

"Si umesema kaza?"

"Nilimaanisha kaza moyo! Nimeona unalia!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Bi Nambua akamkumbatia Sekela. "Umeniasi, na nakushukuru. Ungenitii, ningeondoka hapa bila kujua nimezaa nini."

Sasa, maabara ile ina desturi. Jiwe linapoamka kwa namna mpya, juu ya kisanduku chake huandikwa jina moja tu, la aliyeliamsha.

"Andika Nambua," alisema Mgonja. "Jiwe chafu haliamki hata ulibane vipi."

"Andika Mgonja," alisema Bi Nambua. "Jiliwa ni lake, na neno ni lake. Tena lini jina la fundi liliandikwa mahali?"

"Lakini sikulikusudia neno hilo," Mgonja akasema. "Aliyethubutu ni binti. Ajiandike mwenyewe."

Sekela akashika kalamu. Aliwashukuru wote wawili kutoka moyoni, na tusimfiche, jina lake alilitamani pia: kila akipiga simu nyumbani, baba yake humuuliza, "Umetengeneza nini huko, mama?" Lakini je, alithubutu, au alitii tu neno alilolielewa vibaya?

Mkono ule usiotikisika ukaanza kutetemeka juu ya kisanduku. Na unatetemeka hadi sasa, unawasubiri ninyi. Wewe unayenisikiliza, kalamu ingekuwa yako, ungeandika jina la nani?