Tundu la Sufuria ya Mwanakombo

Kabla ya kuziba tundu, uliza latoa nini.

Mmeisikia leo mkacheka, mkataka kujua ni nani aliyewahi kulihoji tundu. Methali hii ilianza hivi, na niwaambie mapema, haikuanza kwa kicheko.

Palikuwa na mwanamke wa Pangani, jina lake Mwanakombo. Marehemu mama yake alimwachia mshubiri mmoja, ule mmea wa majani manono yenye ute mchungu. Mtoto wa jirani akiungua kwa uji, hukimbizwa kwake. Jani likakatwa, ute ukapakwa. Mwanakombo aliupanda katika sufuria kuukuu aliyoitoboa kitako kwa msumari, matundu matatu, kwa kuwa mama yake alimfunza kwamba mshubiri huvumilia kiu lakini hauvumilii mizizi kulowa. Kila alipouhamisha, alikaa wiki nzima bila kuutia tone la maji, mpaka mizizi ipone vidonda.

Basi binti yake akajifungua huko Korogwe, naye akaenda kumwangalia siku arubaini. Nyumba akamwachia wifi yake Mwajabu, dada wa mumewe. Mwajabu alikuwa mwema, lakini wema wa kiherehere. Kuona sufuria inavuja upenuni, akaona aibu: watu watasema kaka yake hana uwezo! Akaung'oa mmea, akamwita fundi, matundu yakazibwa kwa bati, sufuria ikasuguliwa ikang'aa. Akaupanda tena, na papo hapo akaumwagia maji kata mbili. Kisha masika yakaingia.

Mwanakombo aliporudi alikuta majani yamekuwa rojo, yananuka. Alipoinamisha sufuria, maji meusi yakamrukia kwenye kanga.

"Nani kaziba?"

"Mimi, wifi. Ilikuwa inavuja. Si wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta?"

"Ufa!" Mwanakombo akafoka. "Siku arubaini, umeshindwa hata kumtuma mtu aniulize? Mama hakuniachia nyumba wala shamba. Aliniachia huu, nawe umeuozesha kwa usafi wako! Kabla ya kuziba tundu, uliza latoa nini!"

Mwajabu akarudi kwake jioni ileile. Na haki ilikuwa ya Mwanakombo, msinitazame hivyo! Hata mimi nikiisimulia, damu hunichemka. Katika uozo ule alipata chipukizi moja tu zima, akaliweka kivulini kidonda kikauke.

Siku ya nne Mwajabu alikuja na sufuria yake mwenyewe, mpya, ambayo haijawahi kuona moto. Akaipindua mbele ya wifi yake, akachukua msumari na jiwe, akaitoboa kitako mara tatu.

"Yanatosha, wifi?"

"Yanatosha," Mwanakombo akajibu, uso bado kaukunja. "Leo umeuliza."

Chipukizi lile lilishika. Basi mkimwona mtu anakimbilia kuitengeneza nyumba ya mwenzake, mshikeni mkono, mumwambie bila haya: kabla ya kuziba tundu, uliza latoa nini.