Swali Zuri la Mama Panya

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia vizuri. Wanyama wa hadithi hii wangewaambia mrudie, eti mmechelewa kidogo.

Hapo zamani za kale, kabla binadamu hajawapokonya wanyama simu, wachimbaji wote walikuwa na kundi moja simuni. Liliitwa Mafundi wa Mashimo. Mwenye shida ya shimo aliuliza humo, mafundi wakamjibu. Mkuu wa kundi alikuwa Nguchiro, na Nguchiro alipenda utaratibu kuliko chakula.

Siku moja mvua ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Maji yakaingia shimoni kwa Mama Panya, chururu, chururu. Wanawe walikuwa hawajafumbua hata macho. Akaandika upesi: "MAJI YANAINGIA NDANI NITOBOE WAPI YATOKE"

Ting! Nguchiro akajibu: "Mama Panya, hapa tunaanza kwa salamu."

Maji yakafika magotini. Mama Panya akaandika: "HAMJAMBO NDUGU ZANGU. MAJI YANAINGIA NDANI."

Ting! Kobe akajibu: "Herufi kubwa ni kelele, dada. Sisi si viziwi."

Maji yakafika tumboni. Mama Panya akaandika kwa herufi ndogo.

Ting! Fuko, fundi wa mafundi, akaandika jibu kamili, akaliweka juu ya swali. Kabla Mama Panya hajalisoma, Nguchiro akalifuta.

"Fuko, jibu hukaa chini ya swali."

"Mwenzetu yuko majini," akasema Fuko.

"Utaratibu ni utaratibu."

"Mimi naona juu ni bora," akasema Kobe.

Basi, kundi likawaka moto. Wa juu wakawatukana wa chini, wa chini wakawatukana wa juu, wote wakianza kwa salamu. Fuko akachoka, akajitoa kundini.

Maji yakafika kifuani. Mama Panya akauliza mara ya mwisho, kwa salamu, kwa herufi ndogo, kwa nukta na shukrani. Kisha akaitupa simu. Akawabeba wanawe kwa meno, mmoja mmoja, mpaka kwenye kichuguu. Nyuma yake shimo likaporomoka, puu! Alikuwa amelichimba kwa kucha zake mwenyewe, mimba ikiwa tumboni. Alilia sana, maskini, na mimi namwonea uchungu mpaka leo.

Na kule kundini? Nguchiro akasoma, akafurahi. "Hili sasa ndilo swali."

Wakalibandika mahali pa wazi, wageni wajifunze. Bado liko huko. Jibu hawajaliandika, maana hawajakubaliana likae juu au chini.

Funzo ni hili, wakubwa kwa wadogo: anayeomba msaada, msaidie kwanza. Adabu utamfundisha akishakauka.

Hadithi yangu imeishia hapo, na kama sikuipanga sawasawa, mtanisamehe.