Shekue na Hesabu ya Vijana Wasio na Kazi

Hapo zamani, enzi za masultani waliopenda sifa kuliko wali, mji wa Shangaro ulijaa vijana wasio na kazi, nao walikuwa wakila chakula cha ghala la Sultani. Basi Waziri, aliyekuwa na uchungu na mchele kuliko watu, akaleta kipimo kipya: kijana aliyefanya kazi hata muda wa saa moja kwa juma, huyo ana kazi, na aliyechoka kutafuta asihesabiwe, maana hatafuti. Ikawa wasio na kazi wamebaki wachache mno. Sultani akafurahi, akasema ghala lifungwe Ijumaa.

Barazani alikuwapo Shekue, kijana fukara mwenye kanzu moja na maneno mengi. Akacheka. Sultani akaudhika, akamwambia, "Kwa kuwa umeiona hesabu yetu ni mzaha, nenda ukahesabu wewe. Ijumaa nataka nisikie hakuna hata mmoja asiye na kazi. Akibaki mmoja, utauhama mji huu. Wakiisha, omba utakalo."

Shekue aliogopa, tusidanganyane, kwani hakuwa na pa kwenda. Hata hivyo akaitikia, akawakusanya vijana wote, hata waliokwisha kukata tamaa, akawapa kazi ya muda wa saa moja: wazunguke mji wakiwahesabu vijana wasio na kazi. Wakazunguka, wakaulizana, na kila aliyeulizwa akajibu kwamba yuko kazini, anahesabu.

Ijumaa akaja mbele ya Sultani, akasema, "Bwana wangu, wametafutwa mji mzima, hakuonekana hata mmoja."

Sultani akatabasamu, Waziri akatabasamu zaidi. Mara kukasikika zogo nje, na Sultani alipochungulia dirishani akaona uwanja umefurika vijana, wamekonda, kila mmoja na bakuli mkononi.

"Ni nani hawa wote wasio na kazi?" akauliza.

"Sijui, bwana wangu," akasema Shekue. "Katika hesabu yetu hawamo. Wewe ndiye wa kwanza kuwaona."

Sultani akaona haya. Kisha akacheka hadi kilemba kikamlegea, akaamuru ghala lisifungwe na kipimo cha Waziri kifutwe. Akamwambia Shekue aombe atakalo.

Shekue akaomba kazi. "Ila iwe ndefu kidogo, bwana wangu," akasema. "Ile ya saa moja nimekwisha kuimaliza."