Pelele na Wimbo wa Mchakamchaka

Zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa wakivaa sare na kupigiwa kengele kama nyinyi hapo mlipo, aliishi Pelele. Mnamjua? Ni yule mnyama mdogo, wa mviringo, asiye na mkia, miguu mifupi kama ya kigoda. Ila sauti alijaliwa. Akiita upande huu wa bonde, wa upande ule hudhani kuna mnyama mkubwa amepatwa na shida.

Pelele alikuwa mwanachama wa klabu ya riadha ya shule yao. Kazi yake? Kulinda mabegi. Wenzake wakikimbia, yeye hukaa juu ya rundo akifukuza nzi.

Mama yake alimshonea bukta nyekundu ya kukimbilia. Kila jioni humuuliza, "Umeivaa leo, mwanangu?"

"Bado, mama."

Jibu hilo lilimuuma sana kulitoa.

Basi mwaka ule timu ilikuwa inakwenda kwenye mashindano ya shule zote za bondeni, na nafasi moja tu ilikuwa imebaki, ya mbio ndefu. Mwalimu Korongo akatangaza: "Kesho asubuhi, baada ya mchakamchaka, tunafanya mchujo. Kuzunguka kilima mara moja na kurudi uwanjani. Atakayekata kamba wa kwanza, jezi ni yake. Anayetaka kukimbia akimbie."

Wote wakamtazama Nyati, nahodha wa klabu. Kisha wakamtazama Kiboko, ambaye akikimbia madirisha ya darasa hutetemeka. Wengine wakajua hapo hapana chao, wakaamua kutazama tu.

Asubuhi Pelele akatokea na bukta yake nyekundu.

"Unakwenda wapi na hicho kitambaa?" akauliza Nyati.

"Kwenye mchujo, nahodha."

Kiboko akacheka, ho! ho! ho!, mpaka tumbo likamruka. "Na mabegi yetu atalinda nani?"

"Nitayalinda, kaka Kiboko. Naomba tu niwaimbishe mchakamchaka, halafu nikimbie huko nyuma yenu. Mama akiniuliza, nipate la kusema."

"Mwache aimbe," akasema Nyati. "Sauti anayo. Miguu ndiyo hana."

Sasa sikilizeni vizuri. Katika shule ile, mwimbishaji wa mchakamchaka husimama katikati ya uwanja. Wengine humzunguka wakikimbia na kuitikia, na wimbo hauishi mpaka wakimbiaji waseme wamechoka. Hakuna aliyeona haya. Siku zote walizunguka kidogo, wakasema, wakaenda kunawa miguu.

Pelele akasimama katikati, akavuta pumzi.

"Nani wenye miguu?"

"Ni sisi!" Kishindo kikaanza, puu, puu, puu.

"Nani wenye kifua?"

"Ni sisi!"

"Nani kachoka?"

"Tumechoka," wakasema kina Swala na Ngiri, wakaenda zao kunawa.

Nyati akamtupia jicho Kiboko. Kiboko naye akamtupia jicho Nyati. Mbele ya mwenzake, nani aseme?

"Si mimi!" akanguruma Nyati.

"Si mimi!" akajibu Kiboko.

"Aa, hao ndio wanaume," akasema Pelele, akaongeza mwendo wa wimbo. "Nani wenye miguu?"

Wakazunguka. Jua likapanda. Nyati akaanza kutoa povu mdomoni. Kiboko akawa anaitikia nusu neno, "Ni si... ni si..." Na kila wimbo ulipofika penyewe, Pelele aliuliza kwa heshima zote, "Nani kachoka?"

"Si mimi," akakoroma Nyati.

"Si... mi," akahema Kiboko.

Pruuu! Filimbi ya Mwalimu Korongo ikalia. "Wakimbiaji, mstarini! Moja, mbili, tatu, nendeni!"

Kiboko akainua mguu mmoja, akafikiri kidogo, akaketi palepale kwenye mstari. Nyati akaondoka akiyumba, akafika kwenye kona ya kilima, magoti yakagoma. Akalala chali akitazama mawingu.

Pelele akampita. Tipu, tipu, tipu, tipu. Hakuwa na mbio, kusema kweli. Konokono angemsindikiza. Lakini alikwenda, akazunguka kilima, akarudi uwanjani shule nzima ikimshangilia, akapita chini ya kamba.

Chini, ndiyo. Kamba ilikuwa imefungwa usawa wa kifua cha Nyati.

"Hujaikata!" wakapiga kelele watoto. Na kule nyuma Nyati alikuwa ameamka, anakuja, puu... puu... Moyo wa Pelele ukamwenda mbio kuliko miguu. Akarudi, akaruka, akaikosa. Akaruka tena, akaidaka kwa meno, akabaki ananing'inia mpaka ikakatika, katu!

"Mwalimu, si haki," akalalamika Nyati alipopata pumzi. "Huyu alituchosha kabla ya mbio."

"Alikufukuza?"

"Hapana."

"Alikufanya nini?"

Nyati akatazama chini. "Alituuliza kama tumechoka."

"Nanyi mkamjibuje?"

Kiboko akajifanya hasikii.

"Tulisema... hatujachoka."

"Basi mimi nitawabishia vipi?" akasema Mwalimu Korongo. Akamkabidhi Pelele jezi, iliyoshonwa kwa kipimo cha Nyati. "Na siku ya safari tutahitaji wawili wenye nguvu wa kulinda mabegi. Ninawaona hapa, na hawajachoka."

Jioni Pelele akafika nyumbani akiburuta jezi mavumbini.

"Umeivaa leo, mwanangu?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Nimeivaa, mama. Ila haionekani."

Mama akatoka, akaifunua ile jezi kubwa, akaiona bukta nyekundu, imejaa vumbi la uwanja. Alifurahi mama yule, akasahau mboga jikoni ikaungua.

Basi, wanangu, siku ukiulizwa kama umechoka, na kweli umechoka, sema.