Mlango wa Mize

Mize wa Pemba alipanga chumba katika mji mmoja wa Uingereza. Chumba hakikuwa na meza, basi akang'oa mlango, akasukumia chapati juu yake. Mwenye nyumba, Bwana Prewett, tajiri aliyepangisha karibu mji mzima, akamshtaki kwa wizi.

Mahakama ya chini ikamuuliza, "Tukuhukumu hapa, au uende mahakama ya juu mbele ya baraza la raia kumi na wawili watakaoamua kama una hatia? Huko kifungo huwa kirefu zaidi."

"Nipelekeni juu," alisema Mize.

Huko juu, kila raia aliyeitwa barazani Mize alimuuliza kwa upole, "Nyumba unayokaa ni ya nani?"

"Ya Bwana Prewett."

Jaji akamtoa, maana mpangaji humwogopa mwenye nyumba. Wakatoka wote, baraza likabaki tupu.

Prewett alipoona kesi inamponyoka, akala kiapo. "Mheshimiwa, wananisingizia. Sina hata nyumba moja mjini humu."

"Mimi namwamini," alisema Mize. "Sasa mheshimiwa, ule mlango nilimwibia nani?"

Jaji akaifuta kesi. Wapangaji waliokuwa wakisikiliza wakatazamana, na kulipokucha karibu nyumba zote za mji hazikuwa na milango.