Njuga ya Sungura Isiyonyamaza

Mwaka ambao hata vyura walihama, mto ulikauka kabisa, likabaki dimbwi moja la maji ya tope mbele ya pango la Simba. Simba alikuwa mfalme, na alipenda kila mtu alikumbuke hilo. Aliwaamuru wanyama wachimbe kisima bondeni, kila mmoja upande wake. Yeye mwenyewe hangeshuka huko, kwa kuwa vumbi lingemharibia manyoya ya shingoni.

Lakini atajuaje nani anachimba na nani amelala? Alikuwa ameokota njuga zilizosahauliwa na wacheza ngoma, kila moja na mlio wake. Akampa kila mnyama moja ajifunge mguuni, yeye akakaa pangoni kusikiliza. Jioni, ambaye njuga yake imelia sana angekunywa kibuyu kizima. Ambaye imelia kidogo angepata kata moja tu.

Sungura alichimba nusu asubuhi, kucha zikamuuma. Akaifungua njuga yake, akaitundika kwenye tawi la mgunga mahali penye upepo, kisha akakaa kivulini kucheza mdako. Alirusha kijiwe juu, akakwapua vingine kishimoni, akakidaka cha kwanza kabla hakijaanguka. Jioni alikunywa kibuyu kizima. Kobe, aliyechimba tangu alfajiri bila kupumzika, alipata kata moja, kwa sababu Kobe akichimba hata siafu hawashtuki, sembuse njuga.

"Mama Kobe, ongeza bidii," Simba alimwambia. "Siku nzima sijakusikia."

"Upande wangu shimo limenifunika, Mfalme. Ukishuka utaliona."

"Sijaulizia shimo," alisema Simba.

Siku ya tatu Fisi alimkuta Sungura mchezoni, akataka naye afundishwe hila ya njuga, la sivyo angemsema kwa Simba. Sungura alimweleza kwamba njia bora kuliko zote ni kuimeza njuga. Kila atakapopumua italia. Fisi aliuliza kama njuga tatu zingelia mara tatu. Sungura akamhakikishia. Basi Fisi akaiba ya Nungunungu na ya Ngiri, akaziongeza kwenye yake, akazimeza zote. Tangu hapo alilia akitembea, alilia akijikuna, na akicheka ilikuwa kama harusi inapita. Simba alifurahi, na kwa kuwa milio yote mitatu ilitoka kwa Fisi, akampa vibuyu vitatu kila jioni. Dimbwi likazidi kupungua, na Kobe akaanza kushikwa na kizunguzungu. Hata hivyo alishuka shimoni kila asubuhi.

Siku ya nane Simba alimwalika Sungura kula naye, kama mmoja wa wafanyakazi wake bora. Sungura alikuwa akitafuna mizizi, mara upepo ukavuma bondeni, njuga ikalia. Akaacha kutafuna. Alijua amekwisha.

"Hiyo si njuga yako?" Simba aliuliza.

"Ni yangu, Mfalme."

"Na wewe uko hapa unakula."

"Niko hapa."

Machozi yalimlengalenga Simba. "Sijawahi kuona bidii kama hii," alisema. "Wewe uko hapa, na kazi yako inaendelea."

Papo hapo akawaita wanyama wote na kutangaza kwamba kuanzia kesho wapumzike. Anayefanya kazi hata akiwa mezani hahitaji wasaidizi. Sungura angemaliza kisima peke yake kwa siku tatu, na asipofikia maji angefukuzwa nchini.

Sungura alianza upande wake, ule aliouacha siku ya kwanza. Alichimba mpaka kucha zikakatika, na shimo likaongezeka shibiri moja. Juu yake njuga ililia mgungani, na kutoka pangoni Simba alimsifu. Siku ya tatu dimbwi lilikauka. Sungura akapanda hadi pangoni, akapiga magoti, akaeleza yote: mgunga, mdako na tumbo la Fisi.

Simba alikuwa amemsifu mbele ya wanyama wote, na kukiri kwamba amedanganywa kulimshinda.

"Kwa hiyo aliyefanya kazi ni mgunga," alisema mwishowe.

"Haukufanya kazi, Mfalme. Uliyumba tu."

"Njuga ililia. Vibuyu ulivyokunywa vilikuwa vyake. Sitakufukuza, lakini maji yakipatikana, utaunywesha wewe kila asubuhi, kabla hujaonja tone."

Kisha, kwa kuwa kiu haikumbakishia jingine la kufanya, Simba alishuka bondeni kwa mara ya kwanza. Vumbi likamjaa shingoni. Alichungulia upande wa Fisi, hapakuwa na shimo. Alichungulia upande wa Kobe, hakuona mwisho wake. Akateremka, akaingiza mguu kwenye udongo wa chini kabisa, akautoa umelowa.

Aliwaita wanyama, wote wakachimba hapo, Simba naye, na kabla jua halijaegemea magharibi maji yalikuwa yakibubujika. Kobe alitangulia kunywa, akanywa taratibu kama afanyavyo kila jambo, na hakuna aliyemharakisha. Sungura alijaza kibuyu akaupelekea mti. Fisi hakuweza tena kuiba chochote, maana alisikika akiwa bado kilima cha pili.

Na wanyama wa nchi ile, wakitaka kujua kama kazi imefanyika, siku hizi huinuka wakaenda kuitazama.